UZI: Sheria inajua bei ya kidole. Njia ya kurudi kazini inajulikana na nani?

Wiki hii tuko na mada ambayo hapa Machakos haikosi kwenye jukwaa la siasa, hasa ukishuka upande wa Mavoko: watu wanaoumia kazini. Kanuni za uzi huu mnazijua. Hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama, tunachambua hoja tu.

Mmeshaona vile mambo huenda. Mgombea anapanda juu ya gari karibu na geti la kiwanda Athi River, saa ile shifti zinabadilishana, anasema wafanyakazi wanakatwa vidole na hawalipwi, yeye akiingia fidia itapanda. Makofi. Siku mbili baadaye mtu anayetetea waajiri anakaa studio ya redio anasema gharama za kuajiri Kenya ziko juu tayari, zikiongezwa viwanda vitavuka mpaka. Anayepiga simu kuchangia anachagua upande, kipindi kinaisha.

Ukisikiliza vizuri, wote wanabishana juu ya hundi. Hakuna aliyeuliza yule mtu wa vidole atakula nini hundi ikishaisha. Uzi wa leo unahusu mtu ambaye nchi nyingine zimemweka ndani ya kampuni ashughulike na swali hilo, na ambaye sheria yetu haijamtaja: mratibu wa kurudi kazini. Ni nani, anasomea nini, anawajibika kwa nini. Na nitasema mapema niko upande gani: nafikiri huyu mtu anastahili kelele nyingi kuliko kiwango cha fidia.

Kwanza tujue tulicho nacho.

Mwaka 2007 Bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa mkupuo. Mbili zinatugusa moja kwa moja leo. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini, halafu kuna ile ya fidia kwa majeraha ya kazini, ambayo kila mtu kiwandani huiita WIBA. Hata mama anayeuza chai getini anaijua kwa jina hilo.

WIBA ilileta kitu kikubwa: mfanyakazi aliyeumia kazini halazimiki kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Umeumia ukiwa kazini, na hukujiumiza kwa makusudi, basi unalipwa. Mwajiri lazima awe na bima. Akipata habari ya ajali ana siku 7 za kumjulisha Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Analipa matibabu, nauli ya hospitali, hata magongo au mguu wa bandia ukihitajika. Jeraha likikuweka nje ya kazi siku 3 au zaidi, kuna malipo ya kila kipindi yanayofuata mshahara wako, ndani ya viwango vilivyowekwa. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, wanachukua mshahara wa miezi 96 kama msingi, kisha wanakupa sehemu inayolingana na asilimia ya ulemavu wako. Asilimia hizo ziko kwenye jedwali nyuma ya sheria, kiungo kwa kiungo.

Sheria hii ilikaa kortini muda mrefu. Chama cha Mawakili Kenya kiliipinga, Mahakama Kuu ikafuta vifungu kadhaa mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikarudisha vingi vyao mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi Desemba 2019. Kesi hiyo ilihusu hasa nani aamue fidia: korti au Mkurugenzi. Tulimaliza muongo mzima tukiulizana mlango wa kuchukulia pesa.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme unalipwa 20,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni 1,920,000. Daktari ameandika ulemavu wa asilimia 10. Unapata 192,000. Ukiambiwa hiyo pesa ukiwa umekaa kwenye benchi la hospitali inasikika kubwa. Lakini igawanye kwa mshahara wako: ni miezi 9 na siku kadhaa. Kama ulipoteza kidole ukabaki na kazi, hiyo ni fidia ya kweli, unalipa deni, unanunua hata ng'ombe. Kama ulipoteza kidole na kazi, ni karo ya mwaka mmoja na kodi ya nyumba, halafu kwisha.

Ndiyo maana nasema kazi yenyewe ndiyo mali kubwa iliyo hatarini. Asilimia ya kidole inafuata nyuma.

Nitawapa mfano wa nyumbani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa anaendesha mashine ya kukata maboksi kwenye kiwanda kimoja huku chini. Mashine ilichukua vidole viwili vya mkono wa kulia. Nataka niwe mwaminifu kwa wale waajiri: walimkimbiza hospitali, waliandika ripoti, bima ililipa. Ilichelewa lakini ililipa. Ukiwauliza wao, faili hiyo ilifanywa vizuri kabisa.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kimefanya niandike uzi huu. Daktari alimwandikia "apewe kazi nyepesi". Maneno matatu. Akapeleka ile karatasi ofisini, yule madam wa HR akaipokea kwa heshima, akamwambia, "Mzee, nenda nyumbani, tutakuita." Supavaiza akamwambia yeye hana kazi nyepesi kwenye laini yake, aulize stoo. Stoo wakasema hawajapata barua kutoka HR. HR wakasema wanangoja supavaiza. Alienda geti hilo mara nne kabla jina lake halijatolewa kwenye orodha ya askari. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna siku moja mtu alisema "tumekuachisha kazi". Aliisha tu, kama sabuni.

Na yule kijana aliyewekwa kwenye mashine yake alikuwa anampigia simu jioni kumuuliza inarekebishwaje ikianza kukata kombo. Mjomba anamwelekeza kwa simu, bure, akiwa amekaa kwa kiti nyumbani. Kampuni ilikuwa bado inatumia kichwa chake. Ilikosa tu mtu wa kuona kwamba kichwa hicho hakikuhitaji vidole vile viwili.

Huyo mtu ndiye mratibu.

Australia ndiko utaratibu huu umeandikwa wazi zaidi. Kwenye jimbo la South Australia, mwajiri mwenye wafanyakazi 30 au zaidi lazima ateue mratibu wa kurudi kazini, na lazima awe amepata mafunzo. Kwenye jimbo la Victoria, mwajiri anawajibika kumpa mfanyakazi aliyeumia kazi inayomfaa, au ile yake ya zamani akipona, kwa wiki 52, na mratibu ndiye husimamia hilo. Kampuni kubwa huwa na mratibu wakati wote. Ndogo huteua mtu wakati ajali imetokea. Ujerumani wana namna yao: tangu mwaka 2004, mfanyakazi akikosa kazi kwa ugonjwa au jeraha zaidi ya wiki 6 ndani ya mwaka, mwajiri analazimika kumwalika wakae chini wapange atarudi vipi. Mfanyakazi akikataa mwaliko, hiyo ni haki yake.

Anafanya nini huyu mratibu? Wengi mtadhani ni mtu wa kupiga simu ya pole. Simu ya pole ni sehemu ya kazi kweli, na si sehemu ndogo, kwa sababu mtu akikaa nyumbani wiki tatu bila kusikia kutoka kazini anaanza kuamini ameshaachwa. Kadiri anavyokaa nje ndivyo kurudi kunavyokuwa kugumu, na jambo hilo linajulikana kila mahali palipo na utaratibu huu. Kwa hiyo mratibu anapiga simu ndani ya siku za kwanza. Hamuulizi "unarudi lini". Anamwambia, mimi ndiye mtu wako hapa ofisini, nambari yangu ni hii, swali lolote la fomu au mshahara usizunguke, nitafute mimi.

Kazi nzito iko kwenye ile karatasi ya daktari. "Kazi nyepesi" haina maana yoyote kiwandani. Nyepesi kwa nani? Kuketi saa nane ukikagua mshono wa mashati kwenye kiwanda cha nguo cha EPZ ni kazi nyepesi kwa mtu aliyevunjika mkono, lakini ni mateso kwa aliyeumia mgongo. Mratibu aliyefunzwa anarudi kwa daktari na maswali yanayojibika. Anaweza kuinua kilo ngapi, na kwa mkono upi? Anaweza kusimama saa ngapi mfululizo? Ngazi apande? Dawa anazotumia zinamletea usingizi, yaani tumweke mbali na mashine? Angalia vizuri, hapo hajauliza mtu anaumwa nini. Ameuliza anaweza kufanya nini. Siri ya ugonjwa inabaki kwa daktari na mgonjwa.

Halafu anashuka chini kwenye sakafu ya kiwanda na daftari. Anasimama kwenye kila kituo cha kazi na kuandika mwili unafanya nini pale: mikono inafika wapi, mzigo una uzito gani, unainuliwa mara ngapi kwa saa, miguu iko wapi. Kwenye kiwanda cha saruji, mtu wa kupakia mifuko na mtu wa kuhesabu mifuko inayotoka wako hatua kumi kutoka kila mmoja, lakini miili yao inafanya kazi mbili tofauti kabisa. Mratibu mzuri huwa na orodha hiyo kabla ajali haijatokea. Siku mtu akiumia hatafuti kazi ya kubuni, anafungua daftari.

Kutoka hapo unaandikwa mpango. Karatasi moja inatosha. Mfano: wiki mbili za kwanza saa nne kwa siku, kukagua, hakuna kuinua zaidi ya kilo 5, wiki ya tatu saa sita, wiki ya tano tunakaa tena na barua mpya ya daktari. Wanatia sahihi mfanyakazi, supavaiza na mratibu, na kila mmoja anabaki na nakala. Supavaiza lazima awe ndani tangu mwanzo, la sivyo yeye ndiye atauvunja mpango siku ya pili saa ya presha ya oda, na hatafanya hivyo kwa ubaya. Ana lengo la kutimiza na mtu mmoja anafanya nusu siku. Kwa hiyo mratibu pia anaenda kwa meneja kuomba lengo la laini hiyo lipunguzwe kwa wiki hizo. Hapo ndipo unajua kama ana uwezo ama ni jina tu mlangoni.

Mafunzo yake basi yanafuata kazi hiyo. Anasoma sheria ya fidia na ya ajira, kiasi cha kujua tarehe na fomu. Anafunzwa kuchambua kazi kwa jicho la mwili, kusoma barua ya daktari na kumwandikia, kuandika mpango na kuupitia tena, kutunza rekodi za siri. Na anafunzwa kuongea na mtu aliyeumia, ambaye mara nyingi ana hasira, ana aibu, au anaogopa mashine ile ile. Hii ya hofu tunaidharau sana. Mjomba alikuwa akisikia kelele za posho mill anatoka nje. Australia kuna kozi fupi za siku chache kwa mratibu wa kawaida. Kanada wamefika mbali, kuna cheti cha taaluma kinachotolewa kwa mtihani, na mtu anaweza kuifanya kazi hii maisha yake yote.

Kuna mambo ambayo si kazi yake, na hapa ndipo siasa inaingia. Yeye si daktari. Yeye haamui kama unastahili fidia. Na hafai kuwa mpelelezi wa mdosi, wa kukuvizia sokoni aone kama unabeba ndoo ya maji.

Hilo la mwisho ndilo linanisumbua hata mimi ninayemtetea. Mratibu analipwa na mwajiri. Anajua mwili wako kuliko mwenzako yeyote pale. Siku kampuni ikitaka kupunguza watu, daftari lake linaweza kugeuka orodha ya wanaochelewesha kazi. Ujerumani waliliona hilo wakaweka mambo mawili: hakuna kitu kinaanza bila ridhaa ya mfanyakazi, na wawakilishi wa wafanyakazi wana nafasi kwenye utaratibu. Kama sisi tutaiga nusu ya kwanza ya hii hadithi tukaacha ya pili, afadhali tusiige kabisa.

"Lakini watu wanajifanya wagonjwa!" Najua, hiyo ndiyo hoja ya kwanza ambayo waajiri huleta redioni. Wapo wanaojifanya, tusidanganyane. Lakini fikiria anayejifanya anapenda mfumo gani. Anapenda ule ambao amepewa karatasi ya "kazi nyepesi", akaambiwa aende nyumbani atapigiwa simu, na hakuna anayempigia. Mfumo unaomwita siku ya kumi, ukampa kazi ya saa nne anayoiweza, unamsumbua sana mtu wa namna hiyo. Mwajiri anayelia udanganyifu angekuwa wa kwanza kutaka mratibu.

Upande wa wafanyakazi nao kuna uvumi unaoenea sana: ukirudi kazini umepoteza fidia. Hapana. Malipo ya kila kipindi, yale ya wakati uko nje, ndiyo hukoma ukirudi kwenye kazi yako au nyingine ya mshahara ule ule au zaidi. Fidia ya ulemavu wa kudumu inapimwa kwa asilimia ya ulemavu. Kidole hakioti tena kwa sababu umerudi kazini.

Na kuna "kazi nyepesi" ya kukomoa. Mtu aliyekuwa fundi anawekwa kiti karibu na geti, bila kazi, kila mtu anayepita anamtazama, mpaka aandike barua ya kuacha mwenyewe. Kisheria hajafukuzwa. Ndiyo sababu mpango lazima uandikwe na utiwe sahihi na mfanyakazi mwenyewe, na uwe na tarehe ya kupitiwa tena.

Sasa Kenya tungeanzia wapi? Sipendi hoja za kuunda mamlaka mpya kila tukiona shida. Tayari kuna mahali. Kanuni za mwaka 2004 zinasema kila mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, nusu upande wa usimamizi na nusu upande wa wafanyakazi, ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu, na wanachama wake wapate mafunzo ya msingi ndani ya miezi sita tangu kuteuliwa au kuchaguliwa. Hiyo kamati huchunguza ajali. Mashine ikikata mtu, inaandika ripoti ya mashine: kinga ilikuwa wapi, nani aliiondoa. Ripoti ya yule mtu hakuna anayeiandika.

Ongeza mstari mmoja kwenye kanuni: kila kamati iwe na mwanachama mmoja aliyefunzwa kuratibu kurudi kazini, aliyekubaliwa na pande zote mbili. Ongeza somo moja kwenye mafunzo yale ambayo tayari ni lazima. Waziri anaweza kufanya hivyo kwa kanuni, bila kungoja muswada ukae Bungeni miaka minne. Mtu akigombea akaniambia hivyo nitamsikiliza kuliko yule wa kupandisha asilimia.

Kuna sehemu kamati haifiki. Gereji ya watu wanne, duka la kuchomelea vyuma, machimbo ya mawe na kokoto. Hapo hakuna HR, hakuna laini nyingine ya kumhamishia mtu. Tukitaka kuwafikia hao, mratibu lazima atoke nje ya kampuni, ama kwa bima ama kwa ofisi ya Mkurugenzi kwenye kaunti, na ahudumie sehemu nyingi.

Hapa ndipo inafaa kutazama jirani. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza mwaka 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008. Waajiri wanachangia wote kwenye chungu kimoja, na kati ya mafao yake kuna kitu wanachokiita huduma za utengamao, yaani kumsaidia mtu arejee kwenye maisha na kazi. Malaysia mfuko wao wa taifa ulianzisha mpango wa kurudi kazini mwaka 2007, na unawaajiri wenyewe wasimamizi wa kumfuata mgonjwa mmoja mmoja. Mfuko una sababu ya kufanya hivyo, kwa kuwa mtu akirudi kazini chungu kinapumua. Kwetu kila mwajiri ana bima yake binafsi. Bima ikilipa inafunga faili. Hospitali ikimruhusu mgonjwa inafunga faili. Mwajiri ameajiri mwingine. Kila mmoja amemaliza kazi yake, na mtu yuko nyumbani.

Wazo la mfuko wa taifa huja na kurudi kwenye mijadala yetu, na waajiri wengi huogopa makato mapya. Wana haki ya kuogopa, makato ya karibuni wameyaona. Hiyo nitaifungulia uzi wake. Kwa sasa nasema tu mstari mmoja kwenye kamati haungoji mfuko.

Kuna swali limerudi mara nyingi kwenye jumbe zenu, la vibarua. "Mimi ni wa siku kwa siku, haya yananihusu?" WIBA haikuulizi kama uko kwenye orodha ya kudumu. Inamhesabu mtu aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, hata mwanagenzi yumo. Na Sheria ya Ajira inasema kibarua ambaye siku zake za mfululizo zimefika mwezi mzima, mkataba wake unachukuliwa kuwa wa mwezi. Shida ya kibarua ni ushahidi. Piga picha ya karatasi ya mahudhurio, tunza jumbe za M-Pesa za mshahara, hifadhi kadi ya geti.

Na kwa aliye nyumbani sasa hivi akingoja kuitwa, kama alivyongoja mjomba, haya ndiyo ningemwambia wakati ule kama ningeyajua. Hakikisha ajali imeandikishwa kwa Mkurugenzi, usiamini kwa maneno, uliza nakala ya fomu. Madai yana kikomo cha miezi 12 tangu siku ya ajali. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, una siku 60 za kupinga. Rudi kwa daktari na umwombe aandike unachoweza kufanya, kwa kilo na kwa saa, badala ya yale maneno matatu. Peleka barua hiyo kazini, nakala yako igongwe muhuri, na uandike wewe mwenyewe kazi mbili au tatu za pale unazoziweza. Mjomba angeandika tatu bila kufikiri.

Na mkitaka kukuachisha kwa sababu ya mwili, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinawalazimu wakueleze sababu kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama, na wakusikilize kwanza. "Tutakuita" haihesabiki kama kikao. Andika tarehe uliyoambiwa hivyo, na nani alikuambia.

Wiki ijayo nitarudi na ile ya makato na mfuko. Wenye kamati za usalama zinazofanya kazi kweli, niandikieni mnavyofanya, hata bila jina la kampuni.